Ramani ya Maharage

Baba yangu, Rwakaikara, hakuwahi kutoka Uganda,
lakini alikijua kijiji kimoja cha Polandi
nyumba kwa nyumba,
kama mtu anavyoyajua meno yake kwa ulimi.

Alikuwa na miaka kumi, mpeleka maziwa
pale Nyabyeya, ukingoni mwa msitu wa Budongo,
mwaka wa arobaini na tano,
kambi ikiwa imejaa wanawake weupe
waliojua kulima kuliko walivyojua kucheka.
Mmoja aliitwa Bronisława. Jina lilimshinda kila mtu
hadi nyanya akampa empaako, Abwooli,
naye akaitika siku ileile
kama aliyekuwa akisubiri kuitwa.

Asubuhi moja ya Machi, maziwa yakingoja kupimwa,
alifagia uwanja, akachora mto kwa kijiti.
Huu Styr, alisema kwa Kiswahili chake cha kambi,
mto polepole, mto tope.
Hapa unakunja kiwiko.
Ndani ya kiwiko, Olszanka.
Akaomba maharage, akayapanga: nyumba thelathini na moja.
Gunzi likawa kinu cha maji,
uzi wa mkeka ukawa kamba ya kivuko,
na kifungo cha koti lake, cha mwisho, kanisa.

Aprili barafu hupasuka kwa mlio wa bunduki,
mto hupanda malishoni,
ng'ombe hupelekwa juu, kwa padri.
Baba akauliza barafu ni nini.
Maji yaliyokasirika, akajibiwa, kisha yakanyamaza.

Kuku akaja, akadonoa nyumba ya fundi viatu.
Baba akamrukia. Abwooli akasema mwache,
huyo ndiye waliyemchukua kwanza.
Februari, usiku, nusu saa ya kufunga mizigo,
kisha treni ya ng'ombe, theluji, Uajemi,
Mombasa,
na sasa maziwa yako haya.

Akasogeza kijiti. Mpaka ulikuwa hapa.
Babu yake alizaliwa chini ya mfalme wa Warusi,
mama yake aliolewa katikati ya majeshi mawili,
yeye alisoma chini ya bendera ya Polandi,
na sasa redio inasema mpaka utahamia huku.
Nyumba hazijasogea hata hatua.

Baba, mtoto wa Kinyoro, hakustaajabu.
Alichukua kijiti, akachora mto wa pili: Kafu.
Ng'ambo yake, alisema, wamelala wafalme wetu,
na ng'ambo hiyo ilitolewa kwa kalamu
kabla babu hajaota ndevu.
Shangazi yuko huko. Kanisani anaomba kwa Kiganda.

Wakachutama wakitazama mito miwili.
Maziwa yakachacha.

Kuhusu korongo hawakuelewana kabisa.
Yeye alisema ni wa kwao, hujenga juu ya paa la kinu,
huku huja kukimbia baridi.
Baba alisema hapana, ni wetu,
huko huenda kutembea tu.

Arobaini na nane malori yakawachukua,
wengine Uingereza, wengine Kanada.
Olszanka hakwenda mtu.
Sitini na nne, watu wa ng'ambo ya Kafu
walipopiga kura warudi Bunyoro,
baba alitamani kumwandikia. Anwani hakuwa nayo.
Limebaki kanisa la mawe, na makaburi nyuma yake,
herufi zenye mikia ambazo tunazipitishia kidole
bila kuzisoma.

Na ile ramani? Ilinyeshewa usiku uleule.
Baada ya wiki maharage yakachipua
kwenye kiwiko cha mto, nyumba thelathini
na pengo la fundi viatu.
Nyanya hakuwa na habari ya Styr.
Alipalilia.
Mwezi wa sita wakakila kijiji chote, na chumvi kidogo.
Kilikuwa kitamu, alituambia baba
akiwa na miaka themanini,
akiangalia pembeni.